Oili Nzito Si Dawa ya Kila Presha

Taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka kwenye dashibodi ya matatu inayopanda kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ushauri wa barabarani huwa mmoja: mwaga hiyo oili nyepesi, weka nzito. Mara nyingine taa huzimika kweli. Lakini injini za dizeli za Toyota D-4D, zile 1KD na 2KD za Hiace, Hilux na Prado, zina ugonjwa ambao oili nzito huuzidisha. Taa haiwezi kuutambua. Geji inaweza, ukijua kuisoma.

Tuanze na presha yenyewe. Pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa oili inapobanwa kwenye upenyo mwembamba kati ya bearingi na kranka. Bearingi zikilika, upenyo hupanuka na presha hushuka. Oili nzito hupita hapo kwa shida zaidi, kwa hiyo mshale hupanda. Sifa yake imetoka hapo.

Swichi ya taa nayo ni shahidi mvivu. Katika magari mengi huiwasha taa presha ikishuka chini ya bar 0.3 hadi 0.5 hivi. Injini inaweza kuwa na bar 1 tu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hali ya hatari, na taa isiseme neno. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kuangalia kiasi cha oili kwenye kijiti, kisha huifungua swichi na kufunga geji ya mkono mahali pake. Ndani ya geji hiyo mna bomba bapa lililopindwa, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849: presha ikiingia, bomba hujikunjua kidogo na kuvuta mshale. Haitumii umeme, hivyo waya mbovu hauidanganyi. Chunga nyuzi tu. Swichi za Toyota kwa kawaida ni BSPT 1/8, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani ni NPT 1/8, nyuzi 27. Hushikana mwanzoni, kisha huvuja au kuharibu tundu. Tumia adapta.

Pima injini ikiwa imepata moto sawasawa, kwani oili baridi huonyesha presha ya kupendeza isiyo na maana. Kwa injini nyingi za dizeli za Toyota, kitabu cha ufundi hukubali kPa 29 au zaidi gari likinguruma bila kukanyagwa, na kati ya kPa 245 na 588 kwa mizunguko 3,000. Bar 1 ni kPa 100, au psi 14.5.

Sasa fuata mwendo wa mshale, usiishie kwenye namba moja. Presha ikiwa nzuri asubuhi, ikashuka injini ikipata moto, kisha ikapanda vizuri ukikanyaga, shuku bearingi au pampu iliyolika. Ikiwa chini wakati wote na haipandi hata ukikanyaga, vali ya kupunguza presha huenda imekwama wazi. Lakini mshale ukipanda, halafu ukatetemeka au kuanguka mizunguko inapozidi, pampu inakosa oili ya kuvuta: strena ndani ya sampu imeziba.

Huu wa mwisho ndio ugonjwa wa D-4D. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili, masizi hugandamana na kuziba strena. Mwinuko wetu nao huongeza tatizo. Oili hupanda kwenye pampu kwa sababu hewa ya nje huisukuma. Mombasa hewa hiyo ina takriban kPa 101. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ni 81. Timboroa, kwenye mita zaidi ya 2,700, hubaki 72 hivi. Yaani dereva anapodai injini nguvu nyingi zaidi mlimani, ndipo msukumo wa kulisha pampu unapungua. Ukiongeza oili nzito hapo, ni kama kunywa uji mzito kwa mrija uliobanwa: pampu huvuta, kinachofika ni kidogo, na bearingi zilizokuwa nzima huanza kuungua.

Kuthibitisha si lazima uvunje injini. Mwaga oili, pitisha kamera nyembamba kwenye tundu la sampu uione strena. Ikiwa nyeusi na imefungana, shusha sampu, safisha strena, weka oili ya unene uliopendekezwa na filta mpya, kisha rudisha geji upime tena kabla gari halijatoka.

Oili nzito ibaki kwa bearingi zilizolika zinazosubiri kufanyiwa ovahoo, na hata huko hununua muda tu. Kwa D-4D, fundi aliyesafisha strena akaziacha washa za nozeli zikivuja amemwekea mteja tarehe ya kurudi.