Usemezano wa Sauti katika Albamu ya What's Going On: Uhakiki wa Athari za Jazi na Kanisa katika Muziki wa Soul wa Marvin Gaye

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo katika Kiswahili umeegemea maneno kwa muda mrefu. Aghalabu mtafiti hudondoa beti, hubainisha dhamira, huzipanga tamathali za usemi katika makundi, kisha huhitimisha kwamba msanii amefaulu kuielimisha jamii. Sauti iliyoyabeba maneno hayo hutajwa kwa sentensi moja au mbili. Makala hii inachunguza albamu ambayo mbinu hiyo haitoshi kuieleza, nayo ni What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotolewa na kampuni ya Motown ya Marekani mwezi Mei 1971.

Maneno ya albamu hii yakisomwa kwenye karatasi ni mepesi mno. Msemaji anauliza kuna nini duniani, anaomba watoto waokolewe, anasikitikia hewa na bahari zilizochafuliwa, anamtaja Mungu. Hakuna taswira nzito wala fumbo linalohitaji kufumbuliwa. Hata hivyo, albamu hii imedumu kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka katika nafasi ya kwanza miongoni mwa albamu 500 bora za wakati wote. Swali la msingi ni hili: ikiwa uzito haumo katika maneno, umo wapi? Makala hii inadai kwamba umo katika namna Gaye alivyoutumia urithi wa kanisa na wa jazi kumjenga msemaji ambaye ni watu wengi kwa wakati mmoja.

Uchunguzi huu unaongozwa na dhana ya usemezano ya Mikhail Bakhtin, inayoshikilia kwamba kila kauli huitikia kauli zilizoitangulia na hutarajia jibu. Bakhtin aliieleza dhana hiyo hasa kwa kuichambua riwaya. Katika albamu hii inaonekana kwa uwazi zaidi, kwa kuwa sauti zinazosemezana zinasikika masikioni.

2.0 Ufafanuzi wa Neno "Jazi"

Ni muhimu kuliweka wazi neno hili kabla ya kuendelea. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jazi huweza kumkumbusha bendi kama Western Jazz, NUTA Jazz au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Bendi hizo zilipiga muziki wa dansi uliotawaliwa na magitaa na kuathiriwa sana na muziki wa Kuba na wa Kongo. Jina "Jazz" lilikuwa ishara ya usasa kuliko maelezo ya mtindo. Katika makala hii, jazi ni muziki wa Wamarekani Weusi uliochipuka mwanzoni mwa karne ya 20, ambao nguzo zake ni utungaji wa papo kwa papo, mazungumzo baina ya ala, na uhuru wa mpigaji kuwahi au kuchelewa kidogo dhidi ya mapigo ya msingi. Nguzo hizo tatu ndizo zitakazorejelewa.

3.0 Muktadha wa Kutungwa kwa Albamu

Motown ilianzishwa na Berry Gordy katika mji wa Detroit, mji wa viwanda vya magari. Gordy mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, na aliigeuza studio yake kuwa mfano wa kiwanda: watunzi walitunga, wanamuziki walipiga, waimbaji waliimba, kisha bidhaa ilikaguliwa kabla ya kuingia sokoni. Nyimbo zilikuwa fupi na za mapenzi, zikilenga vijana wa rangi zote. Kwa miaka kadhaa Gaye alikuwa miongoni mwa waimbaji waliofanikiwa zaidi katika utaratibu huo.

Mambo matatu yalimtoa humo. Kwanza, ndugu yake Frankie alipigana vita vya Vietnam na kurejea na habari za kutisha. Pili, Tammi Terrell, mwimbaji mwenzake katika nyimbo za wawili, alifariki mwezi Machi 1970 akiwa na umri wa miaka 24. Tatu, Renaldo Benson wa kundi la Four Tops alimletea wimbo alioanza kuutunga baada ya kushuhudia polisi wakiwapiga vijana waandamanaji huko Berkeley. Benson aliutunga pamoja na Al Cleveland, na Gaye akaongeza maneno na mahadhi yake.

Gordy hakuupenda wimbo huo, na miongoni mwa mambo yaliyomkera ni ladha yake ya jazi, aliyoiona kuwa imepitwa na wakati. Msimamo huo unashangaza kwa kuwa kabla ya Motown Gordy aliwahi kumiliki duka la santuri za jazi, likafilisika. Yaelekea alijifunza kwamba jazi haiuziki. Gaye aligoma kurekodi kitu kingine hadi wimbo utolewe. Ulitolewa Januari 1971, ukauzwa kwa wingi, na albamu nzima ikakamilishwa upesi. Kwa hiyo ugomvi juu ya jazi ulikuwa pia ugomvi juu ya nani ana haki ya kuamua sauti ya msanii.

4.0 Athari na Kazi Zake

4.1 Kanisa: mwito na mwitikio

Gaye alizaliwa Washington mwaka 1939, na baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kipentekoste. Katika ibada za namna hiyo mhubiri hasemi peke yake: waumini humjibu, humsukuma mbele, humpa pumzi. Muundo huu wa mwito na mwitikio ni wa kawaida katika muziki wa soul, ambapo kwa desturi kiongozi huita na waitikiaji hujibu.

Albamu hii inaubadilisha muundo huo. Wimbo wa kwanza unaanza kwa sauti za wanaume wakisalimiana na kuzungumza kama watu waliokutana barazani. Miongoni mwao walikuwamo Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa timu ya Detroit Lions. Hivyo jamii inasikika kabla ya mwimbaji. Anapoanza kuimba, anamwita mama, kisha ndugu, kisha baba, na wito huo unaingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Katika "Save the Children" Gaye anaghani mstari kwa sauti ya kawaida, kisha anauimba mstari uleule. Mhubiri na mwitikiaji wamekuwa mtu mmoja, na swali analouliza linarudi kwake mwenyewe.

4.2 Jazi: sauti ya mtu kama saksafoni

Gaye aliingia katika muziki akitaka kuwa mwimbaji wa nyimbo za taratibu kwa mfano wa Nat King Cole. Albamu yake ya kwanza ya mwaka 1961 ilijaa nyimbo za aina hiyo, na haikupata wanunuzi. Miaka kumi baadaye hamu ile ilirudi kwa sura nyingine. Gaye alimsimulia David Ritz, mwandishi wa wasifu wake, kwamba kumsikiliza Lester Young, mpigaji wa saksafoni ya tena, kulimfunza kulegeza sauti. Young alijulikana kwa kupuliza kwa wepesi na kuziacha noti zifike kwa kuchelewa kidogo. Katika albamu hii Gaye anaimba hivyo hivyo: hapigi kelele, hakimbizani na ngoma, na mara nyingi mstari unakamilika baada ya pigo ambalo msikilizaji alilitarajia.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Wimbo wa kupinga vita huweza kuimbwa kwa hasira. Gaye anauimba kama mtu anayejizuia asilie, na ulegevu wa sauti unakuwa hoja yenyewe: msemaji anayekataa fujo haimbi kwa fujo.

Mfano ulio wazi zaidi ni sauti pacha. Gaye aliurekodi wimbo mkuu mara mbili na kumwomba mhandisi wa studio, Kenneth Sands, amwandalie sauti zote mbili ili azilinganishe. Kwa bahati sauti hizo zikasikika pamoja, naye akaamua zibaki. Tangu hapo akaitumia mbinu hiyo kwa makusudi. Sauti moja inatangulia, nyingine inachelewa. Moja inatamka neno, nyingine inaguna au kuimba bila maneno. Hivi ndivyo wapulizaji wawili wa jazi wanavyosemezana. Kwa mtazamo wa Bakhtin, hapa ndipo nafsi ya "mimi" katika maneno inapovunjika: anayeimba "mimi" anasikika kuwa wawili, na msikilizaji hawezi kusema ni yupi Marvin halisi.

4.3 Ala na mpangilio

Wanamuziki wa studio ya Motown, waliojulikana kama Funk Brothers, wengi wao walikuwa wapigaji wa jazi katika kumbi za usiku za Detroit. Mpigaji besi James Jamerson alianzia kwenye besi kubwa ya kusimama. Katika wimbo mkuu gitaa lake la besi linatembea lenyewe chini ya mwimbaji, likimjibu panapokuwa na nafasi, kama sauti ya tatu katika mazungumzo. Jalada la albamu liliwataja wanamuziki kwa majina, jambo ambalo Motown haikuwa na desturi ya kulifanya. Mpangaji wa muziki, David Van DePitte, aliongeza fidla zilizopigwa na wanamuziki wa okestra ya Detroit.

Nyimbo sita za upande wa kwanza wa santuri zinafuatana bila kimya katikati, na wimbo wa mwisho wa upande wa pili unarejea mahadhi ya wimbo mkuu. Muundo huu unamfanya mwanajeshi aliyerudi, mraibu wa dawa za kulevya, mtoto na bahari iliyochafuka kuwa sehemu za tatizo moja. Maneno hayasemi hivyo popote; muunganiko wa muziki ndio unaosema.

5.0 Udhaifu

Albamu hii haikosi kasoro. "God Is Love" unapita upesi na kutangaza imani ambayo nyimbo za kabla yake zilikuwa zinaitafuta kwa tabu, hivyo usemezano unakatika. Katika "Wholy Holy" fidla zinaelemea sauti, na msikilizaji anapewa utulivu ambao haujafanyiwa kazi. Aidha, mwanamke yupo kama mama anayelia, lakini hapewi zamu ya kujibu. Mazungumzo yanayodai kuwa ya jamii nzima yanabaki zaidi kuwa ya wanaume wa baraza lile la mwanzo.

Kinyume chake, "Inner City Blues" unaonyesha mbinu ikifika kileleni. Maneno yanalalamikia kodi na fedha zinazorushwa mwezini wakati maskini wanabaki mitaani. Besi inarudia kijifungu kilekile, ngoma za mikono zinazunguka, sauti pacha zinalia kwa chini. Msemaji anasema anataka kupiga yowe, ilhali hapigi. Yowe lililozuiwa linasikika zaidi kuliko ambalo lingepigwa.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umebainisha kwamba kanisa lilimpa Gaye muundo wa mwito na mwitikio, na jazi ikampa njia ya kuzigawa pande zote mbili ndani ya koo lake mwenyewe. Athari hizo zikiondolewa, kinachobaki ni maombi mema yasiyo na kishindo. Wanajazi wenyewe walilitambua hilo mapema: Rahsaan Roland Kirk alizipiga nyimbo za albamu hii katika Blacknuss ya mwaka 1972, na muziki ulioazima kutoka jazi ukaazimwa na jazi.

Kwa watafiti wa nyimbo za Kiswahili, funzo ni la kimbinu. Taarabu, dansi na muziki wa kizazi kipya vina waitikiaji, ala zinazojibu, na waimbaji wanaochelewesha neno kwa makusudi. Mhakiki anayenukuu beti pekee anamnyima msanii nusu ya kauli yake, na huenda nusu hiyo ndiyo iliyobeba dhamira. Inapendekezwa kwamba sura ya fani katika tasnifu za nyimbo ianze na kile kinachosikika, kisha ije kwenye kile kinachosomeka.