Vunjajungu wa Banda la Video

Wazee wetu wa pwani humwonya mtoto asimguse vunjajungu, kwani chombo atakachokishika baada ya hapo kitavunjika. Mimi nilivunja kidole cha rafiki yangu, na vunjajungu aliyenifikisha huko sikumgusa kamwe. Nilimwona katika mkanda wa video.

Mkanda huo uliitwa Shaolin Mantis. Ulitengenezwa Hong Kong na kampuni ya Shaw Brothers mwaka 1978, mwongozaji akiwa Lau Kar-leung na mchezaji mkuu David Chiang. Sisi ulitufikia Mtwara miaka ya tisini ilipoanza, kabla ya vituo vya televisheni kufunguliwa Tanzania Bara mwaka 1994, katika banda la makuti lenye mabenchi sita. Kichina hatukukijua, na maandishi ya Kiingereza yalitupita. Mwenye banda, kwa kutuhurumia, aliupeleka mkanda mbele kila watu walipoanza kuzungumza. Tulilipia mapigano, naye akatupa mapigano.

Asubuhi tulikuwa mchangani Shangani, maji yamekupwa, tukirudia tuliyoyaona: kiganja kimekunjwa kama mundu, vidole vinaelekea chini, uzito wote umekaa mguu wa nyuma. Mfuatano mzima wa mikao tulikuwa nao kichwani, na hata wavuvi walisimama kututazama. Siku moja tukaamua kujaribiana. Mwenzangu akarusha ngumi, nami nikaunasa mkono wake na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Kumbe nilichokinasa hakikuwa kifundo cha mkono, bali kidole kimoja. Mpaka leo kimepinda.

Ilipita miaka mingi kabla sijaitazama filamu hiyo yote, bila mtu wa kuipeleka mbele. Nikagundua kwamba sikuwa nimeiona. Wei Fung ni msomi aliyetumwa na watawala wa Kimanchu kuipeleleza familia ya Tien. Anamwoa mjukuu wa mzee wa nyumba ile, wanajaribu kuondoka, anampoteza mkewe, anakimbilia porini akiwa ameshindwa. Huko ndiko anakokutana na vunjajungu. Anamchunguza anavyotulia, anavyosubiri, anavyonasa, kisha anayapima aliyoyaona na mapigo ya mzee aliyemshinda. Sehemu hiyo haina ugomvi. Bila shaka ndiyo maana bandani kwetu ilirukwa.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye ubora wa filamu hii. Lau alikuwa mpiganaji wa mtindo wa Hung, aliorithishwa na baba yake, na alijua kwamba mkao haubuniwi ili upendeze. Kila mkunjo wa kiganja ni jibu kwa mtu fulani, aliyepiga kwa namna fulani. Masimulizi ya zamani ya Shandong, yanayomtaja Wang Lang kuwa mwanzilishi wa mtindo huu, nayo yanasema alishindwa kwanza, ndipo akamtazama mdudu. Mikono ya mtindo huo hunasa, hushika na kuvuta, na kwa kila tendo yupo mtu upande wa pili. Sisi mchangani tulikuwa na majibu tele, wala swali hatukuwa nalo.

Hata hivyo sitaisifu filamu yote, wala sitamtupia mwenye banda lawama zote. Shujaa anajifundisha peke yake, mdudu ndiye mwalimu, kisha anarudi na kushinda. Hakuna mwenzake wa kumpa mkono auvute polepole, wala wa kumwambia "basi" unapouma. Jambo gumu kuliko yote, yaani kujua uvute kiasi gani na lini uachie, halimo. Tungeitazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho, na kidole kingevunjika vilevile.

Nasi tuliopita jandoni tulipaswa kulitambua pengo hilo. Kule tuliimba nyimbo tusizozielewa, lakini walikuwapo wakubwa wa kutueleza maana yake kabla hatujarudi nyumbani. Bandani tulipewa wimbo, taa ikawashwa, tukaambiwa tutoke.

Rafiki yangu siku hizi ni mvuvi huko Msimbati. Nilimpelekea filamu ile, nikiwa na haya, tukaitazama pamoja. Ilipofika sehemu ya porini akaniomba nirudishe nyuma, akaitazama mara mbili, akacheka.

"Wewe bwana," akasema, "huyu mdudu anasubiri. Wewe ulinivuta hata sijafika."

Kisha akaninyoshea mkono, kidole chake kilichopinda kikiwa mbele, akaniambia nijaribu tena. Nikaunasa taratibu. Akasema bado niko mbali na kifundo.