Mtoto yuko shule, skuli au chuoni? Neno moja halitoshi

Likizo iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye foleni ya ofisi moja ya umma hapa Marafa, siku ya mwisho ya kupokea fomu za basari. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama: shule ya upili, chuo, na chuo kikuu. Mbele yangu alikuwa nyanya mmoja aliyemjia mjukuu wake.

"Nyanya, huyu mjukuu wako yuko wapi?" karani akauliza.

"Yuko chuoni, mwanangu."

Karani akatia alama kwenye kisanduku cha pili. "Basi nipe barua ya kujiunga na chuo, na nambari yake ya usajili."

"Barua?" nyanya akashangaa. "Chuo chetu hakina barua. Mtoto huenda na msahafu wake tu."

Watu wakacheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kijana yule alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alikuwa akishinda kwa mwalimu wake wa Kurani, na mahali hapo, kwa Mwislamu wa pwani, ndipo chuoni. Nyanya alijibu alichoulizwa, tena kwa Kiswahili safi. Karani naye, mtu wa bara, alisikia neno analolijua kwa maana ya taasisi wanakoingia waliomaliza sekondari. Fomu ilikuwa karibu kutupwa kando kwa kukosa stakabadhi. Jirani yangu wa foleni aliinuka akaeleza, ikahamishwa kwenye rundo lake. Lau asingekuwapo, mtoto angekosa karo kwa sababu ya neno moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tunavyofundisha msamiati wa elimu. Kamusi nyingi za mfukoni hukupa neno la Kiingereza 'school' na kando yake neno moja tu: shule. Mwanafunzi huondoka akiamini amemaliza kazi. Kumbe Kiswahili kina shule, skuli, chuo, madrasa, darasa, kitivo, ndaki na taasisi, na kila moja lina mahali pake.

Tuanze na hayo mawili yanayodhaniwa kuwa ni kitu kimoja. Shule tumelipata kwa Wajerumani walioitawala Tanganyika na kufungua shule za serikali huko tangu miaka ya 1890. Skuli limetoka kwa Waingereza, na ndilo neno rasmi la Zanzibar hadi leo. Hapa kwetu Kenya tulitawaliwa na Mwingereza, na wazee wengi wa pwani bado husema skuli, lakini vitabu vyetu husema shule. Kiswahili sanifu kilipopangwa kwa ajili ya nchi zote za Afrika Mashariki, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, neno lililokuwa limeota mizizi Tanganyika lilienea nasi tukalipokea. Kwa hivyo mwalimu anayemsahihisha mtoto kwa wino mwekundu eti skuli ni kosa, anakosea yeye. Skuli si kosa. Ni neno la mahali pengine, na lina haki yake. Ukiandikia Unguja, andika skuli. Ukiandikia Kenya, andika shule. Usichanganye yote mawili katika barua moja, basi.

Chuo lina historia ndefu zaidi. Zamani maana yake ilikuwa kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kwa kuwa mtoto alikwenda kwa mwalimu kusoma chuo, mahali pale pa kusomea pakachukua jina la kile kinachosomwa. Baadaye neno kitabu, la Kiarabu, likachukua kazi ya kwanza ya chuo, na chuo likabaki na kazi ya pili. Serikali za kikoloni na zile za uhuru zilipotafuta jina la mahali pa kufundishia walimu na mafundi, zikalichukua neno hilo hilo: chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, hatimaye chuo kikuu. Ndivyo neno la mtoto wa miaka sita mwenye juzuu lilivyopanda hadi kwa profesa, bila kuiacha kazi yake ya zamani.

Tazama tofauti iliyoko kati ya mwanachuo na mwanachuoni. Huko Tanzania mwanachuo ni kijana anayesoma chuo. Mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu ya dini, mtu wa kuulizwa fatwa. Kiambishi -ni ndicho kinachomtenganisha kijana wa mwaka wa kwanza na shehe mwenye ndevu nyeupe. Nimewahi kusoma taarifa iliyosema wanavyuoni wamegoma kwa sababu ya chakula kibovu. Nilidhani masheikh wamechoshwa na pilau!

Darasa nalo lina mtego wake. Kwa mwanafunzi ni chumba au kundi la wenzake. Msikitini, ukiambiwa kuna darasa baada ya magharibi, usitafute dawati. Ni mhadhara, na unaruhusiwa kuketi kwenye mkeka.

Hata tukibaki na neno shule peke yake, bado kuna kuchagua. Mtoto haendi shule, na mtoto haendi shuleni, si sentensi moja. Ya kwanza inasema mtoto hasomi, labda amekosa karo au ameachishwa. Ya pili inasema huko mahali hendi, labda leo tu, labda ana homa. Mzazi aliyeitwa kwenye mkutano huenda shuleni, haendi shule. Afisa wa elimu anayeandika ripoti kwamba watoto kumi hawaendi shuleni, naye anamaanisha wameacha masomo kabisa, ameipunguza habari uzito. Na akina yakhe wa Dar es Salaam wakikuambia fulani amenipa shule, hawamaanishi jengo. Wanamaanisha amenifundisha jambo.

Vipi kuhusu vyuo vikuu vyenyewe? Humo ndani mna vitengo ambavyo Kiingereza huviita 'school', na watafsiri wetu huandika shule ya sheria, shule ya tiba. Msomaji wa Marafa akiona shule ya tiba atafikiri ni mahali pa watoto wagonjwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimejaribu kulitatua jambo hili kwa kutumia Shule Kuu, kama Shule Kuu ya Sheria, na Ndaki kwa kitengo kikubwa, kama Ndaki ya Insia. Wapo wanaolicheka neno ndaki kwamba ni la kubuniwa. Mimi silicheki. Shule Kuu limefuata njia ile ile ya chuo kikuu: limelichukua neno la kawaida likaliongezea ukubwa, na mtu yeyote akilisikia anajua si shule ya kupigiwa kengele. Sisi huku Kenya tuna kitivo, na pale kinapotosha tukitumie. Penye kitivo na kitengo kingine cha aina hiyo kwa pamoja, tusione haya kuazima Shule Kuu kwa jirani.

Vivyo hivyo kwa taasisi ya serikali ya kuwanoa watumishi wa umma, iitwayo Kenya School of Government, yenye tawi pale Matuga, Kwale. Ukiitafsiri neno kwa neno utapata shule ya serikali, na shule ya serikali kwa kila mzazi wa nchi hii ni ile ya mtaani isiyo ya mtu binafsi. Hapo neno la haki ni chuo au taasisi ya mafunzo.

Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa. Mfumo mpya wa elimu umetuletea ngazi mpya, na darasa la kwanza la Gredi ya 7 lilianza mwaka 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi. Jina lililoenea ni sekondari ya msingi, au sekondari msingi. Msingi lilikuwa tayari jina la shule za watoto wadogo. Sasa mzazi ana mtoto aliye sekondari ya msingi, ndani ya shule ya msingi, na akiulizwa mtoto yuko msingi au sekondari, ajibu nini? Tena tulikuwa na neno letu zuri, upili, lililotokana na pili, ambalo Kenya imelizoea kwa miaka mingi. Upili wa chini na upili wa juu vingeeleweka na kila mtu. Hata sekondari ya chini ingekuwa afadhali, kwa kuwa haipiganii jina na mwenziwe.

Baya zaidi, shule zinazobeba ngazi hizo kwa pamoja zimepewa jina la Kiingereza lenye maana ya shule inayokusanya yote, na nimemsikia msemaji kwenye mkutano wa wazazi akiziita shule jumuishi. Jumuishi lina kazi tayari. Elimu jumuishi ni ile inayompokea mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake, kwa walimu na vifaa vinavyomfaa. Mama mwenye mtoto asiyesikia, akiambiwa shule ya kijijini sasa ni jumuishi, ana haki ya kumfunga mtoto viatu kesho yake asubuhi akampeleka. Akifika hakuti mwalimu wa lugha ya ishara wala chochote. Neno limemwahidi kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumwahidi. Shule ya msingi na upili wa chini ni jina refu, lakini halimdanganyi mtu.

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya Kiswahili pekee. Neno la Kiingereza, la Kijerumani, la Kihispania na la Kiitaliano yote yana babu mmoja, neno la Kigiriki lililokuwa na maana ya faragha, wakati usio wa kazi. Lakini wajukuu hawafanani tabia. Vijana wetu wanaowaongoza wageni pale Nyari, kwenye yale makorongo mekundu, hujifunza Kiitaliano kwa sababu ya Waitaliano wa Malindi na Watamu. Mgeni akisema binti yake yuko 'scuola superiore', anayefuata maneno moja moja hupata shule ya juu, akampongeza kwa kupata mtoto wa chuo kikuu. Kumbe ni upili tu. Mhispania naye akisema 'colegio' usifikirie chuo. Ni mahali pa watoto, mara nyingi shule ya msingi. Kwao Uhispania, kijana wa upili katika shule ya umma huenda 'instituto', neno ambalo sikio letu lingelifanya taasisi ya utafiti. Kufanana kwa sauti hakukupi maana.

Pia kuna mahali ambapo 'school' haihusiani na elimu kabisa. Kundi la samaki si shule ya samaki, mvuvi wa Ngomeni atakucheka. Wanafikra wa mkondo mmoja si shule ya mawazo, ni mkondo wa mawazo. Na katika fikihi tumejaliwa neno madhehebu. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, si wa shule ya Shafi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kuandika shule jiulize maswali matatu. Anayesoma ni nani, mtoto, kijana au mtumishi wa umma? Anasoma nini, kitabu cha dini, mtaala wa serikali au ufundi? Na anayekusoma wewe yuko wapi, Unguja, Nairobi au Marafa? Hilo la tatu ndilo tunalolisahau sana.

Na kwa wanaochapisha fomu: andikeni chuo cha mafunzo baada ya sekondari, si chuo tu. Ni maneno matano zaidi. Yule nyanya hakuhitaji kufundishwa Kiswahili, maana chake ni cha kale kuliko cha fomu.