Hongera, Watu wa Mabwawa ya Ruai

Ukishavuta maji chooni Nairobi, umesahau. Kwa wafanyakazi wa mtambo wa kusafisha majitaka wa Dandora, kule Ruai, kazi ndiyo kwanza inaanza. Machujio ya vyuma hunasa matambara na plastiki, na kuna watu wa kuyakwangua, harufu ikiganda nguoni. Hao nawavulia kofia. Kisha majitaka huingia mabwawani: kwenye kina kirefu bakteria hula uchafu pasipo hewa; kwenye kina kifupi mwani hutoa oksijeni, jua likiua vijidudu. Hakuna haraka. Maji hukaa siku nyingi, ndege wakielea juu, ndipo yaachiliwe kuingia Mto Nairobi, uendao Athi, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Mto bado mchafu, kweli. Lakini majitaka mengi hayapiti kwa wafanyakazi hawa.