Kiti cha Cottonmouth

Steringi asiyepenywa na risasi ni mtihani mgumu kwa mwandishi. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanajua steringi hafi, lakini angalau huvuja damu, huishiwa risasi, hujificha nyuma ya pipa. Luke Cage hahitaji pipa. Anasimama katikati ya barabara ya Harlem, wanammiminia risasi, kinachoharibika ni fulana. Sasa mtazamaji ahofie nini?

Msimu wa kwanza wa Luke Cage, uliotoka Netflix Septemba 30, 2016 ukiongozwa na Cheo Hodari Coker, ulikuwa na sehemu 13, na karibu nusu yake ulilijibu swali hilo kwa ufundi ninaouheshimu sana. Jibu lilikuwa Cornell Stokes, aitwaye Cottonmouth, aliyechezwa na Mahershala Ali. Huyu hana nguvu zozote za ajabu. Ana klabu ya usiku, biashara ya bunduki, na binamu yake Mariah Dillard ni diwani. Kwa kuwa hawezi kumuumiza Luke mwilini, anamuumiza kwa watu wanaomzunguka.

Tazama mnyororo wake ulivyofungwa. Vijana wanaiba kwenye biashara yake ya silaha. Mmoja wao anakimbilia saluni ya mzee Pop, mahali ambapo mtaa mzima ulikubaliana pasiguswe. Tone, kijana wa Cottonmouth, anaimiminia saluni risasi bila kutumwa, na Pop anakufa. Cottonmouth mwenyewe alimheshimu Pop, hivyo anamtupa Tone kutoka juu ya paa. Luke naye hamfuati adui, anazifuata fedha zake zilipofichwa. Cottonmouth anajibu kwa roketi kwenye mgahawa ambao juu yake ndipo Luke anapoishi. Kila tukio limezaliwa na lililotangulia, na kila mtu anafanya jambo ambalo mtu wa tabia yake angelifanya. Hakuna anayesukumwa na mwandishi.

Kisha sehemu ya saba. Tunarudishwa utotoni: Cornell alitaka kupiga kinanda, lakini bibi yao, Mama Mabel, akamlazimisha kumuua mjomba wao Pete, aliyekuwa amemdhulumu Mariah kingono. Miaka mingi baadaye, katika ugomvi ofisini, Cornell anamtupia Mariah lawama ya jambo lile lile. Mariah anamsukuma, Cornell anapasua kioo na kuangukia ukumbini chini, naye Mariah anamfuata na kummalizia kwa stendi ya maikrofoni. Wengi walilalamika kwamba adui mzuri aliuawa mapema. Silalamiki. Kifo kile kilikuwa kimeandaliwa kwa maisha ya wote wawili, na ni tukio bora kuliko yote ya msimu ule.

Kosa lilikuja baada ya hapo: kiti kilichobaki wazi alipewa mgeni. Willis Stryker, yaani Diamondback, alikuwa akitajwa jina tu mpaka wakati huo. Anatokea na bunduki yenye risasi ya Yuda, iliyotengenezwa kwa chuma cha viumbe wa anga za mbali, inayoweza kupenya ngozi ya Luke. Hapa mwandishi amelikimbia swali. Msimu ulikuwa umejengwa juu ya adui anayetafuta njia nyingine kwa sababu risasi haifai. Ikishapatikana risasi inayofaa, tumerudi kwenye filamu yoyote ya kufyatuliana.

Chuki ya Diamondback nayo ina kasoro. Ni ndugu wa Luke kwa baba, mwana wa nje wa mhubiri aliyeheshimika, na hilo lingeweza kuwa kidonda cha kweli. Lakini Cottonmouth tulimwona akiumia, akiwa amekaa peke yake kwenye kinanda. Diamondback anatuhubiria maumivu yake huku akinukuu Biblia, tena msimu ukiwa umepita nusu. Chuki ya kuhadithiwa haina uzito wa chuki tuliyoishuhudia ikikua.

Hapo ndipo mantiki inapolegea. Mfanyabiashara wa silaha kama Diamondback, ambaye faida yake yote inategemea kutoonekana, anateka watu klabuni polisi wakiwa wamezingira nje. Mwishowe anavaa suti ya nguvu na kupigana ngumi barabarani mbele ya umati. Kwa faida gani? Cottonmouth asingefanya hivyo, kwa sababu Cottonmouth alikuwa na hesabu za kulinda. Diamondback anafanya kwa sababu sehemu ya 13 inahitaji pambano.

Mrithi halali alikuwepo tangu mwanzo. Mwigizaji Alfre Woodard alikuwa amemjenga Mariah kama mwanasiasa anayeamini kweli kwamba anaijenga Harlem huku akitumia fedha chafu kuijenga. Mkono wake ulikuwa umeua, siri ilikuwa yake, na Shades, mtu wa Diamondback, alikuwa tayari amesimama upande wake. Msimu wa pili, Juni 2018, ulimpa nafasi ya adui mkuu, na papo hapo tamthilia ikarudi kwenye familia, fedha na mtaa. Miezi michache baadaye, Oktoba, Netflix wakaifuta.

Kwa wanaoandika tamthilia hapa kwetu: itazameni sehemu ya saba mpaka Mariah anapoiachia ile stendi, kisha muisimamishe. Andikeni sehemu sita zilizobaki kwa kutumia wale tu ambao tayari wamo ndani ya jengo lile.