Koa wa Kupimwa kwa Kamba

Kupiga kamba kuna mafundi wake, na ninayemhusudu mimi ni mzee mmoja mkulima wa kabichi huko Lushoto. Kamba zake zote ni za koa, yule konokono asiye na nyumba, anayetafuna majani usiku na kutuachia ute unaong'aa asubuhi.

Msikilize anavyoanza. Ukubwa hautaji kabisa. Anasema alimwaga majivu kuzunguka tuta, kama tufanyavyo sote. Kulipokucha majivu yapo vilevile, hayana hata mkwaruzo, ila kabichi saba hazipo. Hapo ananyamaza, anapuliza kahawa yake. Wewe mwenyewe ndiye unayeuliza:

"Sasa mzee, alipitaje?"

"Hakupita, mwanangu. Alilala kule ng'ambo ya mfereji, akanyoosha shingo."

Mwanagenzi angekimbilia kusema koa ni mrefu kama basi, na kamba ingekatikia hapo hapo. Mzee anakukabidhi majivu yasiyoguswa, upime mwenyewe. Ukimbana kwa ushahidi, haleti ushahidi, analeta malalamiko: ute ule uliangusha pikipiki mbili, na mkewe mpaka leo hajamsamehe kwa lile beseni. Beseni gani? Hasemi. Nimelisubiri beseni hilo miaka mitatu.

Ukweli nao humsaidia. Misitu ya Ulaya ina koa aitwaye Limax cinereoniger, anayeweza kufika sentimita 30. Yule wa manjano wa pwani ya magharibi ya Marekani hukaribia 25, na Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kimemfanya nembo ya timu zake za michezo. Ukishakubali koa wa rula nzima, umeshaingia mtegoni hadi kiunoni.

Cumbria, Uingereza, kuna mashindano ya uongo ya kila mwaka, kwa kumkumbuka Will Ritson, mwenye baa wa karne ya 19. Alidai kuwa tanipu za bondeni kwao zilikuwa kubwa hata watu wakizichimba kama machimbo ya mawe kupata kitoweo cha Jumapili, na zikishakuwa tupu, kondoo hulala ndani. Hao kondoo ndio ufundi wenyewe. Tanipu peke yake ingekuwa majigambo tu.

Ningekuwa na nauli ningempeleka mzee wetu. Kigezo anacho: wanasiasa na mawakili hawaruhusiwi kushindana, kwa kuwa wanahesabiwa wameshabobea mno.