Wenye Shukrani Wapite Mbele

Kipindi cha matangazo ndicho waumini wengi hukitumia kuangalia saa. Mahubiri yamekwisha, kwaya zimeimba, sadaka imetolewa, na katibu wa usharika amesimama na rundo la karatasi mkononi. Ndoa zinazotangazwa kwa mara ya pili. Kikao cha wazee Jumatano. Ujenzi wa nyumba ya mtumishi, ambao haujawahi kuisha popote nilipopata kusali. Kisha zinafuata shukrani, na hapo mimi hutega sikio.

Sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania zina utaratibu huu. Mtu aliyetendewa jambo huweka sadaka yake kwenye bahasha, na pamoja na fedha huingiza kikaratasi, mara nyingi kimechanwa kwenye daftari la mtoto, kinachoeleza anashukuru kwa lipi. Katibu anasoma, wenye shukrani wanapita mbele, wanasimama kuielekea madhabahu, mchungaji anawaombea. Ni dakika chache tu. Lakini ukivisikiliza vikaratasi hivyo mwaka baada ya mwaka, unaanza kumtofautisha fundi na mwanagenzi.

Mwanagenzi huandika kwamba familia yake inamshukuru Mungu kwa mambo mengi mema aliyowatendea. Hakuna kosa hapo. Kanisa linaitikia amina, na kabla wanafamilia hawajarudi kwenye viti vyao tumeshasahau. Fundi huandika kwamba ng'ombe wake aliyegoma kula tangu Jumatatu sasa anakula, na maziwa ya kulipia ada ya mtoto yamerudi. Hapo watu wanatazamana, wengine wanacheka kidogo, na mzee mmoja kule nyuma anatikisa kichwa taratibu, maana naye ana ng'ombe. Mungu wa kikaratasi cha kwanza yuko mbali, anatoa baraka kwa jumla jumla kama mwenye ghala. Wa kikaratasi cha pili ameingia zizini.

Nasema ufundi kwa makusudi. Tumezoea kufundishwa kwamba shukrani ni moyo, ukiwa nao basi, maneno yatakuja yenyewe. Torati haikuamini hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima anayepeleka kikapu cha malimbuko haruhusiwi kukikabidhi kwa kuhani na kwenda zake. Ni lazima asimulie. Aanze na babu yake Mwaramu aliyekuwa akitangatanga, ashuke Misri na watu wachache, apite utumwani, atoke, aifikie nchi, ndipo aje kwenye matunda yaliyomo kikapuni. Habari ya taifa zima inawekwa juu ya kikapu kimoja.

Na wasiojua kusimulia je? Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., inaeleza kwamba hapo zamani anayejua alisema mwenyewe, na asiyejua alisomewa ayarudie. Wasiojua wakaona haya, wakaacha kuleta malimbuko. Basi ikaamriwa wote wasomewe, anayejua na asiyejua. Nilipokutana na habari hiyo nilimkumbuka katibu wetu na rundo lake. Profesa hasomi kikaratasi chake, na bibi asiyejua kusoma hasomi chake. Sauti ni ile ile moja, yenye mafua.

Kuna sharti jingine ninalolipenda zaidi. Mambo ya Walawi, sura ya 7, inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile inapotolewa, isibaki hata kidogo mpaka asubuhi. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake, ya shukrani hapana. Sasa piga hesabu: mbuzi, na mikate inayokwenda naye, na jua ni moja. Baba, mama na watoto hawamalizi. Sheria hiyo haisemi kwamba mwalike majirani, ila imewabana wasibaki na njia nyingine.

Jambo hilo utaliona Jumapili nje ya makanisa mengi ya kwetu, ibada ikishatoka, mnada unapoanza. Waliokosa fedha wameleta walichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, miwa, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba ambaye alishawika katikati ya mahubiri. Mnadi anamnyanyua juu. Elfu kumi. Elfu kumi na mbili kwa mama pale. Kumi na tano! Aliyeshinda analipa, kisha anasema jogoo arudi mnadani. Anauzwa tena. Wa tatu anamnunua na kuagiza apelekwe kwa bibi ambaye siku hizi miguu haimruhusu kuja kanisani. Jogoo mmoja ametoa sadaka mara tatu na bado ni mchuzi.

Si kila mnada unaonifurahisha. Ipo inayogeuka uwanja wa wenye fedha kutambiana, bei ya papai ikafika ya mbuzi, huku mwenye mayai yake matano ameyafunika kwa kanga asubiri watu wapungue. Hapo tumerudi kwa wale wa Mishna waliojificha na vikapu vyao.

Waliolipeleka jambo hili la kusimulia mbali kuliko sisi sote katika eneo hili ni watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochomoza Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930. Wao hawakungoja Jumapili wala katibu. Walikutana majumbani, mtu akasimama na kutoa ushuhuda: nilifanya hili, nikamficha fulani lile, Yesu amenisamehe, na kesho naenda kurudisha jembe la watu. Wenzake wakamwitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao mpaka leo unaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Ushuhuda mzuri ulikuwa na jembe ndani yake. Ushuhuda mbaya ulikuwa mrefu, na wao walikuwa na dawa yake, dawa ambayo makanisa mengi yameirithi: msemaji akizidisha, mama mmoja huanzisha pambio kwa sauti ya juu, wote wakaitikia, na msemaji hana budi kupiga makofi pamoja nao na kuketi.

Hata salamu zetu zimebeba mzigo huu wa kusifu na kushukuru. Mkatoliki anaanza na "Tumsifu Yesu Kristo" na kujibiwa "Milele na milele, amina". Kwa Waprotestanti ni "Bwana Yesu asifiwe", iwe sokoni, iwe kwenye simu, na siku hizi hata kunyamazisha kikao cha harusi kilichopandwa na jazba juu ya bei ya ukumbi. Wako wanaolalamika kwamba salamu hizo zimekuwa mazoea matupu. Mimi silalamiki. Mtu akizoea kusifu kabla hajaulizwa habari, siku ya taabu ulimi wake una mahali pa kushika. Na msikilizaji mzuri anasikia tofauti. Kuna "tunamshukuru Mungu" inayotoka haraka, ya mtu mzima wa afya anayewahi daladala. Kuna nyingine inayotanguliwa na pumzi ndefu, na ukiisikia hiyo unaahirisha safari yako na kuuliza nani anaumwa.

Hapo ndipo ufundi unapokuwa mgumu, kwa sababu anayeshukuru hayuko peke yake. Fikiria kijana aliyepita mbele kushukuru kwamba basi lilipopinduka yeye alitoka bila mkwaruzo. Safu ya nne ameketi mama ambaye mwanawe alikuwa ndani ya basi hilo hilo na hakutoka. Kijana anasema aliomba kabla ya safari. Anasema Mungu ana makusudi na maisha yake. Kila neno lake ni la imani, na kila neno linamwambia yule mama kwamba mwanawe hakuombewa ipasavyo, wala hakukuwa na makusudi naye. Nimewahi kuona kanisa likilipuka kwa vigelegele wakati kama huo, nami nikatamani yule mama wa pambio aanzishe lolote, upesi.

Biblia inatuonya mahali tusipopatazamia. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, Farisayo anapanda hekaluni kusali, na sala yake inaanza kwa kumshukuru Mungu. Umbo lake ni shukrani kamili. Imeharibika kwa sababu alipokuwa akishukuru alitupa jicho pembeni, akamwona mtoza ushuru, akamtumia kama kipimo.

Bibi mmoja niliyemsikia akishukuru kwa kupona kwa mjukuu wake hakumpima mtu. Alianza na kijana wa bodaboda aliyewapeleka hospitali usiku wa manane na kukataa nauli. Akaja kwa muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hakulitaja jina lake ila alitueleza viatu vyake, vya raba, visivyopiga kelele. Akaja kwa mama wa kitanda cha jirani aliyekuwa akimgawia chai kutoka kwenye chupa yake kila asubuhi. Akanyamaza kidogo. Mtoto wa yule mama, akasema, hakurudi nyumbani. Naomba leo mkinishukuria mjukuu wangu mnisaidie na kumlilia wa mwenzangu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji aliomba yote mawili katika sala moja, na sijui kama alifundishwa chuoni kufanya hivyo.

Kazi ya namna hiyo hujifunzwa nyumbani, kwenye sala za chakula ambazo tukiwa watoto tulizichukia kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Wazazi wa kizazi kile walishukuru kwa kutaja: mvua ya juzi, aliyeko safarini, kuku aliyeangua, jirani aliyetupa mbegu, ndipo chakula. Sisi tumezifupisha sala hizo hadi sentensi moja inayotosha meza yoyote, mji wowote, siku yoyote, na watoto wetu wanafumbua macho sufuria bado inafuka moshi.

Mahali ambapo orodha ya zamani imesalia nzima ni msibani. Baada ya mazishi, msemaji wa familia anasimama kutoa neno la shukrani: kwa Mungu aliyempa marehemu miaka aliyompa, kwa madaktari, kwa vijana waliochimba kaburi, kwa kina mama waliolala chini siku zote hizo, kwa mwenye lori, kwa waliotoa kuni, kwa jirani aliyekubali turubai lifungwe kwenye paa lake. Wageni wamechoka, pilau inanukia, na daima yupo anayemnong'oneza msemaji afupishe. Nimeshawaambia wanangu kwamba zamu yangu ikifika wasimfupishie mtu. Isomwe yote, na mwenye turubai atajwe.